Mume juu ya bati, mke chini ya ngazi

Najua wengi wenu mnasubiri niendelee na ile mada ya mke na mume kupekuana simu. Itakuja, msijali. Mwezi huu nimeshindwa kuandika kitu kingine kwa sababu hapa kwetu Kigoma mawingu yameanza kukusanyika juu ya ziwa, na kila jioni nikitoka kazini nasikia nyundo zinalia kwenye mabati. Mara Mwanga, mara Katubuka, na nikishuka kwenye daladala Ujiji nakuta nyingine. Kila nyundo inapolia moyo wangu unafanya paa! Leo nawaambia sababu. Mume wangu kanipa ruhusa, ila kaomba nisimtaje jina.

Kwa wasioijua Kigoma, mvua zetu hazina utani. Zinaanza Oktoba, zinapiga mpaka Aprili, mara nyingine zinaingia Mei, na zikija zinakuja na radi na upepo. Halafu kiangazi chote mpaka Septemba tone halidondoki. Ndiyo maana paa linasahaulika miezi minne mitano kabisa, kisha wiki mbili kabla ya mvua kila mwanaume anakumbuka kwamba ana bati linalovuja. Fundi mmoja anatafutwa na mtaa mzima. Na mwanaume akikosa fundi, anapanda mwenyewe.

Mwaka 2019 tulikuwa na miezi minane ya ndoa. Nyumba tuliyopewa tukae ni ya bibi yake mume wangu, Ujiji ndani ndani, kule kwenye miembe. Ndiyo, Ujiji ile ile ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni wakija wanapiga picha miembe, lakini sisi tunaoishi chini yake tunajua shughuli yake. Majani yanajaa kwenye mabonde ya bati, yanashika unyevu, na chini yake bati linaliwa na kutu taratibu bila wewe kujua. Na msimu wa maembe ukifika, embe likidondoka juu ya bati saa nane za usiku, mgeni anaweza kutoka mbio na shuka.

Juu ya kitanda chetu kulikuwa na doa kwenye silingi. Lilianza dogo kama sahani, mvua za Aprili zikalivuta likawa refu, jembamba, la rangi ya chai. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba tumepata ramani ya Ziwa Tanganyika chumbani bure. Nilicheka Mei. Juni nikamkumbusha. Julai nikamkumbusha tena. Agosti nikanyamaza nikitegemea atajiongeza mwenyewe. Septemba akasema fundi anakuja, fundi hakuja.

Ijumaa moja ya Oktoba, usiku, kukanyunya kidogo. Matone matatu yakadondoka kwenye mto wangu, nikafungua mdomo. Nilisema hivi, na sijasahau hata neno moja: "Mume wa jirani kapanda jana peke yake, saa moja tu kamaliza. Wewe unasubiri ofisi ikulipe posho ndiyo upande?"

Hakunijibu. Dada zangu, mwanaume akinyamaza namna ile, ujue neno limeingia mahali.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa jikoni napika maandazi. Nikasikia meza inaburutwa nje. Nikasikia ndoo. Kwa kuwa ngazi hatukuwa nayo, bwana alipanda mezani, juu ya meza akaweka ndoo, kutoka kwenye ndoo akashika ukingo wa mnara wa simtanki, kutoka hapo akajivuta juu ya bati. Miguuni kandambili. Nyundo kaichomeka kwenye pindo la kaptura, misumari mdomoni. Bati bado lina maji ya usiku. Nilipomsikia anatembea juu ya kichwa changu, ko, ko, ko, nilitabasamu. Nakiri mbele yenu, nilitabasamu, nikajisemea kumbe neno langu limefanya kazi.

Kisha nikasikia sauti kama ya gunia linaburutwa. Halafu kimya. Halafu ndoo ikagonga chini.

Nilimkuta kalala kati ya ukuta na jiko la mkaa, mkono umepinda vibaya, uso umekuwa wa majivu. Yasiyotakiwa kufanywa, karibu yote tuliyafanya. Nilimnyanyua mabega nimkalishe. Jirani akaleta maji ya kunywa. Vijana wawili wakambeba, mmoja kwapani mwingine miguuni, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya dereva na mimi, tukaruka naye mashimo yote mpaka hospitali. Daktari aliponiuliza tumemletaje, nikamweleza, alivua miwani akaifuta kwanza ndipo akanijibu. Akasema mtu aliyeanguka kutoka juu hanyanyuliwi wala hakalishwi, kwa sababu kama uti wa mgongo umevunjika, mkono wako wa huruma ndio unaoweza kumpoozesha. Unamwacha alale alivyo, mmoja anamshika kichwa kisigeuke, mnamfunika asipate baridi, hapewi chakula wala maji, na mnatafuta gari ambamo atalala kwenye ubao au mlango mgumu. Tulikuwa na bahati tu. Kifundo cha mkono kilivunjika na mfupa wa kisigino ulipasuka. Akafungwa hogo mahali pawili.

Wiki ya pili mvua zikaanza rasmi. Bati lilikuwa bado linavuja, na sasa lilivuja zaidi, kwa sababu alipoteleza alikunja bati moja. Nikawa nasukuma kitanda mwenyewe huku mgonjwa yuko juu yake, leo kona hii, kesho kona ile, mabeseni yanajaza chumba. Usiku mmoja, maji yanadondoka ti, ti, ti, aliniambia gizani: "Nilipanda kwa sababu ya yale maneno." Nami sikuwa na busara, nikamjibu: "Na mimi hukuniambia kwamba unapanda." Tukanuniana siku nne. Mtu na hogo lake, mtu na mabeseni yake.

Nimefikiria sana yale mazungumzo mawili. Yeye alipanda bila kuniambia ili asionekane anaomba msaada. Mimi nilimtuma juu kwa kumlinganisha na mume wa mtu, jambo ambalo katika ukurasa huu huu nimewakataza wengine mara ngapi sijui. Wote wawili tulikuwa tunafanya kazi ya watu wawili, kila mmoja peke yake. Tangu hapo ndani ya nyumba yetu kuna kanuni moja tu kuhusu paa: hapandi mtu mpaka mwingine awe chini ameshika ngazi, na aliyeshika ngazi akisema shuka, mtu anashuka. Hakuna kuuliza kwa nini, hakuna "ngoja nimalizie".

Kanuni yenyewe hatukuibuni sisi. Mwaka 2022 mume wangu alishapona kabisa, tukaenda siku ya mapumziko kwenye ufukwe mmoja nje ya mji ambako wageni wanaosafiri na magari huweka kambi. Tukamkuta mzee mmoja na mkewe, wazungu wa Afrika Kusini, wamekuja kwa gari linalovuta kijumba kidogo cha safari, kile cha magurudumu, chenye kitanda na jiko ndani. Wametoka Mpanda kupitia Uvinza, vumbi tupu. Mzee alikuwa kwenye ngazi fupi, anasugua paa la kijumba kwa sifongo lenye mpini mrefu. Mama yuko chini, mkono mmoja kwenye ngazi, mguu mmoja kwenye kipago cha chini kabisa. Mzee akimaliza sehemu moja anashuka, wanahamisha ngazi wote wawili, anapanda tena. Nikaona uvivu gani huu, si apande juu atembee amalize?

Mume wangu, mtu wa kisigino kilichopasuka, ndiye aliyekwenda kuuliza. Mzee akamwambia paa la kijumba kama kile halikutengenezwa kubeba mtu. Ni ngozi nyembamba juu ya mbao nyepesi, ukikanyaga inabonyea, viungo vinaachia, na maji yakishaingia yanaozesha kuta kwa ndani miezi mingi kabla hujaona doa. Kwa hiyo wao paa wanalifikia kutoka pembeni, hawalipandi. Mara mbili kwa mwaka wanakagua viungo vyote, hasa kuzunguka kile kidirisha cha hewa cha juu, wanakwangua gundi iliyopasuka na kuweka mpya ya aina ile ile inayokubaliana na paa. Akasema hata sabuni anachagua, kwa kuwa dawa za kusafishia zenye asili ya petroli zinakula paa za mpira. Kisha mama akadakia kwa kucheka: "Na mimi nikisema shuka, anashuka. Miaka arobaini."

Tulirudi nyumbani kwa daladala kimya. Tulipofika Mwanga, mume wangu akasema, "Ile ya kusema shuka tuichukue." Tukaichukua.

Haya, sasa nyinyi mnaoishi kwenye nyumba za bati, nawapa tuliyojifunza kutoka kwa fundi wetu, mzee mmoja wa hapa Ujiji ambaye amezeeka na mifupa yake yote mizima, na kwa kazi yake hiyo ndiyo sifa.

La kwanza alilonifundisha ni kwamba kazi kubwa ya paa inafanyika chini. Kabla ya kupanda, ingia darini mchana, zima taa, tulia macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha kama nyota. Weka alama ya mkaa kando yake, kisha pima umbali kutoka kuta mbili ili wa nje ajue pa kwenda. Humo darini usikanyage silingi, kanyaga mbao za kenchi tu, la sivyo utatokea sebuleni kwa njia fupi. Na msidhani tundu liko juu ya doa. Maji yakipenya yanatembea juu ya papi, yanaweza kwenda hata mita mbili kabla ya kudondoka. Ile ramani yetu ya Ziwa Tanganyika, tundu lake lilikuwa karibu na kofia ya nyumba, mbali kabisa na kitanda. Maana yake mume wangu siku ile hata asingeanguka, alikuwa anakwenda kugonga misumari mahali pasipovuja!

Kama darini hakufikiki, mna simu. Sisi tulifunga simu kwenye ufito mrefu kwa raba, tukawasha video, tukaizungusha ukingoni mwa paa. Ukiwa umesimama chini unaona misumari iliyoinuka, majani yaliyojaa, bati lililokunjuka. Majani mengi yanaondoka kwa ufagio uliofungwa kwenye ufito huo huo. Mawe na matairi ambayo watu wanayaweka juu ya bati ili lisipeperuke yashusheni pia, kwa kuwa chini ya kila jiwe maji yanakaa na kutu inaanzia hapo. Bati linashikwa na msumari au skrubu. Jiwe halishiki kitu, na upepo wa ziwani ukilichokoza mtamjua linayemwangukia.

Ikibidi kupanda, basi ngazi. Jamani, ngazi. Si meza na ndoo, si tawi la mwembe, si mabega ya shemeji. Kutoka urefu wa mita 3 mtu anafika chini kabla sekunde moja haijaisha, akiwa na mwendo wa karibu kilometa 27 kwa saa. Huo ni mwendo wa bajaji, na breki yake ni ardhi. Ngazi ikipanda mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani. Kwa nyumba za kawaida hiyo ni kama hatua moja ya mtu mzima. Ikisimama wima sana inakurudisha nyuma, ikilala sana miguu inateleza. Juu ipite ukingo wa paa kwa karibu mita nzima ili upate pa kushika wakati wa kushuka, maana wengi wanaangukia hapo, kwenye kugeuka. Ifungwe kamba juu. Chini, kama kwenu ni mchanga kama hapa Ujiji, weka ubao mpana isizame mguu mmoja. Ngazi ya mbao msiipake rangi hata kama mnapenda urembo, kwa sababu rangi inaficha nyufa. Na ngazi ya chuma isisogee karibu na waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani. Huo waya ni mbaya hata kwa aliyeshika ngazi chini.

Fundi anatuambia saa ya kupanda ni baada ya bati kukauka na kabla halijachoma. Kwetu hiyo ni kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa nne asubuhi. Bati lenye maji ni sabuni. Bati la saa saba mchana litakuunguza kiganja, na mtu akiungua anaachia alichoshika. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki ukivuma kwa nguvu hapandi, na akisikia radi hata ya mbali upande wa Kongo anakusanya vyombo.

Viatu ni raba zenye soli laini. Kandambili ni za bafuni, nimemaliza. Misumari ikae kwenye mfuko kiunoni, nyundo ipandishwe kwa kamba na ndoo, ili mikono iwe ya kushika ngazi. Juu ya bati unakanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa sababu chini ya misumari ndipo papi ilipo. Katikati ya papi na papi kuna hewa. Mabati mengi ya siku hizi ni mepesi. Mkumbuke kwamba namba ya geji ikipanda unene unapungua, kwa hiyo geji 32 uliyouziwa kwa bei ya kutupa ni nyembamba kuliko geji 28 ya bibi. Kama bati ni la zamani, laza ubao mrefu uvuke papi kadhaa na utembee juu ya ubao. Ukiweza kufunga kamba, ifunge kwenye kitu kisichong'oka upande wa pili wa nyumba, sisi tuna mwembe, na iwe fupi kiasi kwamba hufiki ukingoni kabisa. Kamba ndefu inakusubiri uanguke kwanza ndipo ikukamate kiuno.

Kuna paa mbili ambazo hazikanyagwi kwa hali yoyote. Ya kwanza ni yale mabati ya plastiki yanayoingiza mwanga sebuleni au kwenye ukumbi. Jua linayakausha, yanakuwa kama biskuti, na yakishapakwa vumbi huwezi kuyatofautisha na bati la kawaida. Ya pili ni yale ya simenti, asbesto, ambayo bado yapo kwenye nyumba kadhaa za zamani za mashirika na serikali. Hayo yanapasuka chini ya mguu, na vumbi lake ukilivuta linaleta saratani miaka mingi baadaye. Kwa hiyo hata kuyasugua au kuyatoboa msijaribu. Kama mmepangishwa nyumba ya namna hiyo, hilo ni suala la mwenye nyumba na mtaalamu.

Matengenezo yenyewe si makubwa kama watu wanavyodhani. Mara nyingi kinachovuja ni tundu la msumari. Bati linatanuka mchana, linasinyaa usiku, mwaka baada ya mwaka, msumari unajivuta juu taratibu na mpira wake unapasuka. Kuugonga tena kwenye tundu lile lile kunasaidia wiki mbili. Fundi wetu anaung'oa, anasafisha, anaweka silikoni, kisha anafunga skrubu ya bati yenye mpira mpya, nene kidogo kuliko tundu. Na anafunga kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji yanapita. Palipo na kutu anasugua kwa brashi ya waya mpaka paonekane pasafi, anapaka rangi ya kuzuia kutu. Tundu kubwa linafunikwa kwa kipande cha bati ambacho kichwa chake kinaingizwa chini ya bati la juu, kipandiane angalau sentimeta 15, kama magamba ya samaki. Wale wanaobandika zege bichi juu ya bati, simenti ikiwa mbichi inakula ile zinki ya juu. Utaziba tundu moja na kufungua mlango wa matatu.

Mkiwa na hela ya fundi, mwiteni fundi, na wewe dada usimdhihaki mumeo kwa kumwita. Ila fundi naye ana mke nyumbani. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003, lakini mwenye ngazi mbovu ya kumpandisha fundi mara nyingi ni mimi na wewe, na sisi ndio tunaomwambia "fanya haraka mvua inakuja". Muulizeni kama ana kamba. Mshikieni ngazi. Wa kwetu siku ya kwanza alishangaa, akasema, "Shemeji, we kaendelee na mapishi." Nikamwambia mapishi yangu ya mwaka 2019 yanatosha.

Msomaji mmoja aliniandikia mwaka jana kwamba mumewe hasikii, anapanda tu akitaka, na akimwambia ashuke anamwona mwoga. Dada, sikuwa na jibu zuri wakati ule na leo ninalo nusu tu. Kwetu ilisaidia kwamba tulikubaliana tukiwa tumekaa chini, tunakula migebuka, bati limekauka na hakuna anayekasirika. Kule juu mtu hajadiliani. Na ilisaidia kwamba kanuni inanihusu na mimi. Mwaka jana nilipanda mimi kukagua kofia ya nyumba kwa sababu ni mwepesi kuliko yeye, yeye akashika ngazi. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu. Akasema shuka, eti ngazi imecheza. Nilikasirika, jamani! Nikashuka. Mguu mmoja wa ngazi kweli ulikuwa umeingia mchangani vidole viwili.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yake. Mvua moja ya kwanza ilishanyesha, ikaondoa moshi wote wa kiangazi hewani, na alipofika juu akapiga kelele kwamba leo milima ya Kongo inaonekana kama iko Kibirizi. Alifanya kazi vizuri, raba miguuni, ndoo inapanda na kushuka. Karibu saa nne nikaona wingu upande wa ziwa limekuwa jeusi chini.

"Shuka," nikamwambia.

"Bado skrubu mbili."

"Shuka."

Akaangalia wingu, akaniangalia mimi, akashuka. Tukafunga vyombo, tukaingiza ngazi ndani, tukaa barazani tunaisubiri mvua. Haikunyesha siku ile, wala Jumapili. Kanicheka siku mbili nzima, kila mgeni akija anaulizwa kama kaona mafuriko. Zile skrubu mbili tumezifunga Jumanne asubuhi, nimechelewa kazini dakika ishirini.